Pole Haitoshi: Mafunzo Niliyopata Katika Chumba cha Kusikiliza, Uvira

Hakuna mtu anayeingia katika chumba chetu cha kusikiliza akisema, "Niko na ugonjwa wa akili." Wanakuja na kichwa, na tumbo, na moyo unaopiga mbio usiku, na mguu uliokufa ganzi. Wanakuja kwa sababu muuguzi amewapima malaria, tifoidi na presha, hakuona kitu, akawaonyesha mlango wetu. Mimi ni msaidizi wa kisaikolojia, APS kama tunavyoitwa Kivu yote. Kazi hii naifanya katika mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, ambako watu wa rika langu huhesabu umri kwa misiba: mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998, mlipuko wa Sange 2010, mauaji ya Mutarule 2014, mafuriko ya Mulongwe 2020, na vita vilivyoingia mjini Desemba 2025.

Wapo wanaotuuliza, kwa nia njema kabisa, kazi yetu ina tofauti gani na ya jirani anayekuja kusema pole. Ninaiheshimu pole. Bila pole na bila matanga mji huu ungekuwa umekwisha kuvunjika. Lakini saikolojia ina maarifa yake, yaliyokusanywa kwa miaka mingi na kupimwa, mengine yakapimwa hapa hapa Kivu, na mtu wa pwani hii ya ziwa ana haki ya kuyapata sawasawa na mtu wa Brussels. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuyatumia.

1. Mwili hujifunza hofu bila kumwomba mwenyewe ruhusa

Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walitokwa mate kabla chakula hakijafika. Mlio uliozoea kuja pamoja na chakula ulitosha. Wanafunzi husoma habari hiyo darasani wakadhani ni ya mbwa. Mimi naiona kila msimu wa mvua.

Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake usiku, ukashuka na mawe na miti, ukachukua nyumba na makumi ya watu. Usiku ule ngurumo, kishindo cha mawe na harufu ya tope vilifungwa pamoja na kifo. Tangu hapo wingu likitanda juu ya Mitumba, mama mmoja wa ng'ambo ya mto huanza kutetemeka mikono, hata kama jua bado linawaka upande wa Bujumbura. Hajawaza neno lolote. Mwili umetangulia. Sange ni jambo jingine: pale, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka likalipuka, zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao wakiwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Kwa waliobaki, harufu ya petroli peke yake inatosha kumtoa mtu jasho.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kumweleza mtu hayo. Namwambia, "Mama, mwili wako haujaharibika. Ulijifunza kukulinda usiku mmoja, na mpaka leo unakulinda hata pasipo hatari." Nimewaona watu wakilia kwa faraja ya kusikia hilo tu, kwa sababu walikuwa wameshaamini kwamba wanapata wazimu, au kwamba wamerogwa. Mtu akijua kinachotendeka mwilini mwake, nusu ya hofu, yaani ile ya kuogopa hofu yenyewe, hupungua.

2. Kukwepa huilisha hofu, lakini si kila hofu ni ugonjwa

Mchuuzi wa ndakala (dagaa) aliacha kupita daraja baada ya mafuriko. Alianza kwa kuzunguka njia ya mbali, kisha akaacha kwenda soko lile, kisha akaacha kutoka mvua ikinyesha, mwishowe akaacha biashara. Kila alipokwepa alipata nafuu ya papo hapo, na nafuu ile ndiyo iliyoufundisha mwili kwamba daraja kweli ni kifo. Hii ni kanuni mojawapo iliyo imara katika saikolojia nzima.

Dawa yake ilianza kupangwa kwa utaratibu miaka ya 1950 na Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini: mtu aikaribie hofu kwa ngazi, kidogo kidogo, akiwa ametulia, akae pale mpaka mwili uone hakuna kinachotokea. Na mchuuzi yule tulianza kwa kusimama barabarani mchana wa jua, daraja likionekana kwa mbali. Siku nyingine tukasogea. Siku nyingine akashika kingo za daraja, akahesabu pumzi. Yeye ndiye aliyepanga ngazi zote na mimi nilimfuata tu. Mwisho alivuka na beseni lake kichwani.

Hapa lakini vitabu vilivyoandikwa katika nchi zenye amani havitoshi. Mulongwe unaweza kufurika tena. Mwanamke anayeogopa kwenda shambani katika bonde la Ruzizi, ambako watu wenye silaha bado wanapita, haumwi. Anaona sawa. Kumwambia avumilie hofu ile ni kumpeleka kwenye bunduki. Kwa hiyo kabla ya kupanga ngazi yoyote tunauliza pamoja: hatari hii ipo leo, au ilikuwapo? Kama ipo, kazi yetu ni usalama: nani ataandamana naye, njia ipi, saa ngapi, mvua ikizidi watoto wapelekwe wapi. Hofu iliyobaki baada ya hapo ndiyo tunayoitibu.

3. Hukumu ambayo mtu amejikatia huumiza kuliko tukio

Hili ndilo somo lililobadilisha kazi yangu kupita yote.

Miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni kubwa walikuwa na mawazo fulani yanayopita upesi kichwani, nao wanayaamini bila kuyachunguza: sina maana, kosa ni langu, mambo hayatabadilika. Baadaye Patricia Resick akatengeneza tiba kwa wanawake waliobakwa, akilenga hasa zile hukumu zinazoganda baada ya tukio. Mtu hufundishwa kuitambua hukumu, kuiandika, na kuihoji kama hakimu anavyohoji shahidi.

Mfano ninaowapa wenzangu wapya nimeuchanganya kutoka kwa watu wengi, ili asijulikane mtu. Mama aliyepoteza mtoto katika mafuriko anasema:

"Ni mimi nilimuua. Ningeamka mbele, mtoto angekuwa mzima."

"Mama, usiku ile kwa kartie yenu, nani alijua maji inakuja?"

"Hakuna."

"Jirani yako, yeye pia alipoteza mtoto. Yeye alimuua?"

"Hapana! Yeye ni maji tu."

"Basi kwa jirani ni maji, kwa wewe ni kosa. Sheria hiyo ilitoka wapi?"

Ananyamaza. Simharakishi. Jirani mwema angemwambia "usijilaumu, ni mapenzi ya Mungu," na mama angeitika kwa heshima, kisha arudi nyumbani na hukumu yake ileile. Lakini neno alilolifikia mwenyewe kwa kujibu maswali huendelea kulifanyia kazi. Wiki inayofuata huja ameliongezea lingine.

Je, njia hii inafaa watu wasiojua kusoma, katika vijiji vyenye vita? Swali hilo lilijibiwa hapa Kongo mashariki. Judith Bass wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya utafiti katika vijiji 15 kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono, ukachapishwa mwaka 2013. Katika vijiji 7 wanawake 157 walipata tiba hii kwa makundi madogo. Katika vijiji 8 wengine 248 walipata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Waliotoa tiba walikuwa wasaidizi wa hapa hapa, wenye miaka michache tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Mazoezi ya kuandika yalirahisishwa ili mtu ayashike kichwani. Kabla ya kuanza, wanawake 71 katika kila 100 wa kundi la tiba walikuwa na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkali, na 83 katika lile la kusikilizwa. Miezi sita baada ya tiba walibaki 9 upande wa kwanza, na 42 upande wa pili.

Nazisoma takwimu hizo kwa pande zote mbili. Kutoka 83 hadi 42 si jambo dogo. Kusikilizwa kwa upole kunasaidia, na mtu asidharau hilo. Lakini umbali kati ya 42 na 9 ni wanawake waliorudi kulala usingizi, na kilichowarudisha ni utaratibu.

4. Asilazimishwe mtu kusimulia, na anayesimulia apewe mpangilio

Mara tu baada ya msiba mkubwa hutokea watu wenye daftari wanaotaka kila aliyeokoka aeleze yote aliyoyaona, siku ileile, mbele ya wageni. Nimewaona wakifanya hivyo na watoto waliolala chini ya hema. Tafiti zimeonyesha kwamba kikao kimoja cha kumwagisha habari namna hiyo hakimkingi mtu, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi njia hiyo. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa mwaka 2011, una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Siku za kwanza mtu anahitaji maji safi, blanketi, habari za ndugu zake, na mwenzake wa kukaa naye. Akitaka kusema, asikilizwe. Akinyamaza, aachwe anyamaze. Wengi hupona hivyo bila tiba yoyote.

Wachache ndio ambao miezi inapita na tukio halipiti. Kumbukumbu yao imekaa kama mzigo uliorushwa ovyo ndani ya mtumbwi pale bandari ya Kalundu: wimbi dogo tu na kila kitu kinateleza upande mmoja. Kwao kuna tiba ya masimulizi iliyotengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Konstanz, Ujerumani. Kamba hutandazwa chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ua huwekwa mahali pa furaha, jiwe mahali pa msiba. Halafu, kikao baada ya kikao, mtu husimulia kwa mfuatano, na akifika kwenye jiwe anakwenda polepole: nini aliona, nini alisikia, mwili ulifanya nini, aliwaza nini, kisha nini kikafuata. Msaidizi anaandika na kumsomea. Hilo la "kisha nini kikafuata" ndilo linalolipa tukio tarehe na mwisho. Mwaka 2008 utafiti wa kambi ya Nakivale, Uganda, ulionyesha kwamba wakimbizi wenyewe, wakifundishwa vizuri, wanaweza kuwatibu wakimbizi wenzao kwa njia hii.

Ninachokipenda zaidi ni maua. Watu huja wakidhani kamba yao itakuwa ya mawe matupu, kisha wanamkumbuka bibi aliyewafundisha kuogelea.

5. Kuhusu kujiua, uliza waziwazi

Wengi huogopa kwamba swali litampa mtu wazo. Halimpi. Swali humwonyesha kwamba jambo hilo linasemeka hapa. "Baba, imeshafika mahali unaona afadhali kufa?" Akijibu ndiyo, nauliza kama ana mpango, na kwa kitu gani. Kama ni dawa ya wadudu ya shambani, leo hii jamaa aihifadhi mahali pengine, na usiku huu asilale peke yake. Mengine yote yanangoja.

6. Mtoto husoma uso wa mkubwa wake

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefuatana na mumewe Uganda, alipita vijiji vya karibu na Kampala akitazama kina mama na watoto wachanga nyumbani kwao. Kitabu chake kuhusu watoto wale kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali, akatazama dunia, kisha akarudi kugusa goti na kwenda tena. Nadharia hii ya mtoto kushikamana na mzazi, inayofundishwa leo dunia nzima, kwa sehemu ilijengwa kwa kutazama maisha katika nyua za Buganda, na nasikitika kwamba wanafunzi wetu wengi hawaambiwi.

Desemba 2025, makumi ya maelfu ya watu walipovuka kwenda Burundi, watoto wengi walipotezana na wazazi katika msongamano. Waliorudishiwa wazazi bado walikojoa kitandani, wakashika kanga ya mama hata akienda chooni. Wazazi waliochoka huwachapa. Mimi humfanyia mzazi kazi kabla ya mtoto: alale kidogo, ale, apate wa kusema naye. Halafu tunarudisha saa za kila siku, chakula saa hii, hadithi saa hii, shule kama ipo. Mtoto kucheza vita na kifo kwa vijiti ni kazi anayoifanya ya kuelewa, naomba asikatazwe.

7. Kuna magonjwa yasiyotibiwa kwa maongezi

Kifafa si pepo wala kiwewe. Kina vidonge vyake. Anayesikia sauti zisizokuwapo, aliyeacha kuoga, anayezunguka mtaani usiku akiwa uchi, anahitaji daktari na dawa, nasi tutakaa na jamaa yake. Bukavu kuna kituo cha afya ya akili cha SOSAME cha Mabruda wa Karidadi, lakini barabara ya kutoka Uvira ni ndefu na vita vimeifunga mara nyingi, hivyo familia nyingi huanzia chumba cha maombi. Sipigani na wachungaji. Thomas Lambo, daktari wa Nigeria, alianza mwaka 1954 kule Aro kuwatibu wagonjwa wakiwa wanakaa vijijini na jamaa zao, akashirikiana na waganga wa jadi, na hospitali haikupoteza heshima yake. Ninachowaomba wachungaji ni vitu viwili tu: msimfunge mtu minyororo, na msimwachishe vidonge anapoombewa. Wengi hukubali. Mmoja siku hizi ndiye anayeniletea wagonjwa.

Njaa nayo haitibiwi kwa maongezi. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Nobel ya Amani mwaka 2018, aliweka matibabu ya mwili, ya nafsi, msaada wa sheria na riziki chini ya paa moja, kwa sababu mwanamke aliyefukuzwa na mume akiwa hana senti atarudi hospitali yuleyule wa jana. Kwetu makundi mengi ya tiba hugeuka likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha, baada ya vikao kwisha. Wanawake wanaendelea kukutana, wanachanga, na anayekosa kuja hufuatwa nyumbani. Sijaona mpango wa mradi ulioandika hilo. Wao wenyewe ndio waliolianzisha.

8. Kila jamii hapa ina makaburi yake

Mbembe ana Makobola. Munyamulenge ana mauaji ya Gatumba, Agosti 2004. Mfuliiru ana Mutarule. Msikilizaji naye ni mtoto wa mojawapo ya jamii hizi, na atakayeketi mbele yake anaweza kuwa wa nyingine. Carl Rogers, Mmarekani, aliandika mwaka 1957 kwamba bila kumpokea mtu kwa heshima isiyo na masharti hakuna mbinu itakayomsaidia. Huko kwake huenda lilikuwa jambo la adabu. Hapa ni kazi ngumu ya kila asubuhi. Mtu akitamka jina la kijiji, na jina lile lina damu nyumbani kwenu, uso wako usibadilike. Na ukiona hutaweza, mpeleke kwa mwenzako siku hiyohiyo.

Siri ni sehemu ya heshima hiyo. Mji ni mdogo, na mlango wetu unaonekana barabarani. Kwa hiyo tulikubaliana chumba kiwe ndani ya kituo cha afya, penye foleni ya chanjo na ya malaria, ili anayeingia asijulikane amefuata nini.

9. Msikilizaji asiyesimamiwa hachukui muda kuvunjika

Hadithi tunazozisikia hutuingia. Unaanza kuota jiwe la mtu mwingine, unakuwa mkali kwa wanao, unaahirisha vikao vya watu fulani. Sisi hukutana kila wiki na msimamizi, tunapitia kesi bila majina. Hutuuliza maswali mawili: umefuata hatua gani, na wewe mwenyewe umelalaje? Desemba 2025, nasi tukiwa tumetawanyika pande mbili za mpaka, mikutano ile ilivunjika, na katika wiki hizo kazi ililegea upesi. Watu walirudia kutoa pole tu, kwa sababu pole ndiyo inayobaki mtu akichoka.

Wasaidizi wa utafiti ule wa vijiji 15 walikuwa na wasimamizi waliowafuatilia muda wote. Sehemu hiyo ndiyo wafadhili wanayoikata kwanza. Huleta mafunzo ya siku tano, vyeti na fulana, kisha gari huondoka. Mfadhili akiniuliza aanzie wapi Uvira, namwambia alipe mshahara wa msimamizi mmoja anayejua kazi, ampe simu na vocha, na amwache hapa miaka mitatu.